Bunduki ya Delmar Sather

Delmar Sather alikuwa mfupi kuliko wanaume wote wa wilaya yetu, na nadhani ndiyo maana alipanda farasi hata kwenda mahali pa hatua mia mbili. Alifanya kazi kwenye ranchi ya akina Kittredge miaka thelathini na minane. Hakuoa. Alikaa kwenye chumba cha wafanyakazi nyuma ya zizi, chumba chenye kitanda kimoja, jiko la kuni na ndoano ya kutundikia kofia. Kila Jumamosi asubuhi alikuja mjini Kellan, akala mayai matatu na viazi vya kukaanga kwenye mgahawa wa Bonnie, akapita dukani kwangu kunisalimu, akarudi zake. Kama yupo mtu aliyewahi kumsikia akimteta mwenzake, mimi sijakutana naye.

Mimi naitwa Arlys Tveit, fundi wa bunduki, kazi niliyoachiwa na baba. Naandika haya nikiwa na hasira, na sitajifanya kwamba imepoa. Nina hasira na Wade Kittredge, nina hasira na mji huu mzima, na hasira niliyo nayo juu ya mdomo wangu mwenyewe hakuna anayeweza kuniongezea.

Mzee Kittredge alikufa Januari. Mwanawe Wade, aliyekwenda kuuza nyumba kule Denver kabla Delmar hajaajiriwa, akarudi na buti mpya na mipango mipya. Ranchi sasa ilikuwa ipokee wageni wa kulipa, watu wa mijini wanaotaka kulala penye harufu ya samadi, lakini kidogo tu. Chumba cha Delmar kilitakiwa kwa wageni hao, kwa hiyo akapewa wiki mbili ahame. Hakulalamika. Alikuwa na miaka sabini na mmoja, na alishapata trela la kukaa nyuma ya ghala la chakula cha mifugo. Siku anafunga vitu vyake, Wade akapita mlangoni, akaiona bunduki imelazwa kitandani juu ya blanketi la sufu.

Ilikuwa Winchester ya muundo wa 1894, ile ya wenzo: mkono wa chuma uko chini ya kifyatulio, ukiusukuma chini na kuurudisha, ganda linaruka na risasi nyingine inaingia. Bunduki hizo kwetu Montana ziko kila nyumba. Baba zetu waliziweka nyuma ya mlango wa jikoni pamoja na ufagio. Lakini hii ilikuwa na mtutu wa pembe nane badala ya mviringo, na lile bomba la risasi chini ya mtutu lilikomea katikati badala ya kufika mwisho. Mbao zake zilikuwa za mjozi wenye mawimbi, wa kuchaguliwa. Wade alikumbuka kwamba sebuleni kwao kuna picha ya babu wa baba yake, mwanzilishi wa ranchi, ameketi na bunduki ya namna hiyo magotini. Akapiga hesabu zake pale pale mlangoni.

Alikuja kwangu na picha kwenye simu. Nilikuwa nimebana springi ndogo kwenye koleo, jasho linanitoka, sina hamu ya mtu.

"Arlys, hebu nitazamie. Bunduki kama hii, enzi zile, angeinunua nani?"

Nikatupa jicho. "Mtutu wa pembe nane, bomba nusu, mbao za kuchagua. Hiyo iliagizwa maalumu kiwandani. Mwenye pesa huyo."

"Sio mtu wa kibarua?"

"Kibarua ananunua ya kawaida," nikasema, nikarudi kwenye springi yangu.

Hayo tu. Sikuuliza bunduki ni ya nani, iko wapi, wala kwa nini anataka kujua. Kabla ya saa sita mchana, Wade alikuwa amesimama katikati ya mgahawa wa Bonnie akiwaeleza watu kwamba Delmar Sather ni mwizi, ameiba bunduki ya ukoo wao na kuificha chumbani miaka nenda miaka rudi, na kwamba hata Arlys Tveit amesema kibarua hawezi kuwa na kitu kama hicho. Jina langu likawa ndiyo muhuri wa habari hiyo.

Sherifu wetu, Russ Obrecht, akaenda kwenye trela la Delmar akaichukua bunduki, kwa adabu zote, kofia mkononi. Delmar akamwambia ni ya babu yake, Nils Sather. Sherifu akamwuliza karatasi yake iko wapi. Nani kwetu ana karatasi ya bunduki ya babu yake? Mimi mwenyewe sina ya bunduki ya baba yangu, na kazi yangu ndiyo hiyo. Kisha sherifu huyo huyo, aliyekula nyama ya akina Kittredge kila sikukuu, akampa Wade aitunze bunduki wakati uchunguzi unaendelea. Hapo ndipo unapoona uchunguzi ulikuwa wa namna gani.

Jumamosi ile Delmar alipita dukani kwangu kama kawaida. Hakuketi.

"Ulisema hivyo, Arlys?"

"Nilisema habari za bunduki," nikamjibu. "Sikusema habari zako."

Akanitazama kidogo, akavaa kofia yake, akatoka. Nikajiambia nimejibu vizuri. Ndivyo mtu anavyojidanganya akiwa na kazi nyingi mezani.

Kisha ukaja msimu wa kupiga chapa ndama. Kwetu kazi hiyo haiajiriwi mtu. Kuanzia mwisho wa Aprili, kila Jumamosi majirani wanakutana ranchi ya mmoja wao, kazi inafanywa, watu wanakula, wiki inayofuata wanahamia kwa mwingine. Kulaza ndama chini ni kwa wenye mabega. Sindano na vyuma vya moto atashika yeyote mwenye akili timamu. Lakini kuingia zizini juu ya farasi na kamba ya kitanzi, kumnasa ndama miguu ya nyuma na kumburuta taratibu mpaka motoni, hiyo ni heshima. Hujiombei mwenyewe. Mwenye ng'ombe anakupigia simu Alhamisi, anakutaja kwa jina. Delmar alikuwa akipigiwa simu na kila nyumba, kila mwaka, tangu mimi nikiwa na nywele nyeusi. Hajawahi kumvunja ndama mguu hata mmoja.

Msimu huu simu yake haikulia. Nyumba sita zilipiga chapa, na hakuna hata moja iliyomwita. Hakuna aliyekutana na mwenzake wakaamua hivyo. Kila mmoja aliona aibu kivyake, akasubiri mwingine aanze. Kwa kaka yangu mimi ndiye niliyepika maharage. Kaka akanisogelea na kuniuliza kwa sauti ya chini kama amwite Delmar. Nikamwambia, ngoja mambo yatulie kwanza. Natamani ningeungua ulimi na yale maharage kabla ya kutamka hayo.

Mwezi Juni sherifu akataka ripoti ya maandishi, maana Wade alikuwa anasisitiza kesi ifike mahakamani. Bunduki ikaletwa kwangu. Nilipofungua boksi nililaani mpaka mbwa akatoka nje. Ilikuwa inang'aa kama sufuria la dukani. Wade alikuwa ameipeleka kwa mtu huko Billings akaikwangua chuma chote, akaipaka rangi mpya nyeusi yenye bluu, akazisugua mbao kwa msasa na kuzipiga vanishi, ili ipendeze ukutani kwa ajili ya wageni.

Bunduki ya zamani haisuguliwi. Unaipangusa kwa kitambaa laini chenye mafuta, basi. Ule ukahawia wa chuma na zile sehemu zilizolika ndizo zinazosema ilibebwa na nani, upande gani, kwa mkono upi. Mbele ya mtambo wa bunduki hii pangekuwa na waa jeupe mahali mkono wa mwenyewe ulipoishika juu ya tandiko miaka arobaini. Ningeweza kuweka mkono wa Delmar pale na kumaliza maneno. Mtu yule wa Billings alikuwa amelifuta kwa mashine nusu saa, akalipwa, na Wade akaona amefanyiwa kazi nzuri. Sijui ni lipi lililoniuma zaidi, ujinga wake au kule kujiamini kwake.

Nikaifungua yote. Vya ndani hakuvifikia. Nyuma ya kifyatulio palikuwa na skrubu ndogo kama punje ya mtama, na kwa mtu wa kazi yangu hiyo inatosha. Kifyatulio cha namna hiyo ukikisukuma mbele kinalia tik, na baada ya hapo kinahitaji mguso tu, kidole kikipapasa risasi imekwenda. Kiliagizwa mara chache sana. Nikatoa mbao za kitako. Kwenye mkia wa chuma uliokuwa umefichwa ndani palikuwa pamepigwa namba 217. Ndani ya mbao, 217. Kwenye bamba la chuma la mwisho wa kitako, lililokuwa limefunguliwa na kutupwa ndani ya boksi, 217. Maana yake mbao na chuma vilitoka kiwandani pamoja, kwa kazi moja, na havijabadilishwa. Nikapima urefu wa mbao. Inchi kumi na mbili. Ya kawaida ni kumi na tatu. Yule mtu wa Billings alikuwa amegongomea pande la mpira nene mwisho wake ili kukirefusha kitako.

Nikawaandikia watu wa hifadhi ya daftari za zamani za kiwanda, nikawapa namba ya bunduki, ile iliyopigwa kwenye mtambo. Baada ya wiki mbili barua ikaja: mtutu wa pembe nane, bomba nusu, kifyatulio cha kusukumwa mbele, kitako cha inchi kumi na mbili, imetoka ghalani Mei 1899. Jina la mnunuzi halimo, maana daftari zile hazikuandika majina. Nikakaa na barua ile mkononi, nikajiuliza mtu gani angeagiza hivyo.

Hapo ndipo nilipotaka kujipiga kofi. Dukani kwangu, juu ya ngazi ya mbao, limekaa tandiko la babu yangu mzaa mama, limechongwa maua ya waridi kila mahali, lilikuwa ghali kuliko farasi aliyekuwa chini yake. Babu huyo hakuwa na soksi za kubadilisha. Vibarua wa ng'ombe kama yeye, wakiwa vijana, walikuwa hawana ardhi, hawana mke, paa lao ni la mtu mwingine. Walichokuwa nacho ni kile kilichopanda farasi pamoja nao, kwa hiyo mshahara wa miezi ukaingia kwenye tandiko na kwenye bunduki. Tajiri alinunua za kawaida, boksi zima la kumi, kama anavyonunua makoleo. Hilo nalijua tangu sijajua kusoma. Kila mtu kwetu analijua. Na nilipoulizwa, nikasema mwenye pesa.

Nikamwita Delmar. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, hakusogea zaidi ya hapo. Nikamwuliza habari za babu yake, naye akaeleza polepole, kwa maneno machache. Nils Sather alikuwa na urefu wa futi tano na inchi mbili. Mwaka 1898 alimnasa dume la ng'ombe kwa kamba, akaizungusha kamba kwenye pembe ya tandiko, ile nundu ya mbele, kama wanavyofanya wote, dume likavuta, kidole gumba cha mkono wa kulia kikabanwa katikati, kikakatika na kubaki pale. Bila gumba hakuweza kuishika bunduki sawasawa. Kila akivuta kifyatulio kizito mtutu ulikuwa unakwenda upande. Ndipo akasikia kwamba kiwanda kinatengeneza kifyatulio kinachohitaji mguso tu, akala mkate mkavu majira yote ya baridi, akaagiza.

Nikamwuliza kwa nini hakumwambia sherifu hayo.

"Aliniuliza karatasi," akasema. "Hakuniuliza habari za babu."

Siku ya tatu wakaja wote dukani, sherifu, Wade na Delmar. Nilikuwa nimewaandalia kahawa lakini sikuimimina. Nikampa Wade ile bunduki inayong'aa, nikamwuliza kwa sauti nzuri kabisa ule mpira aliuongeza wa nini.

"Ilikuwa fupi mno," akasema. "Kila nikiiweka begani, mkono unanigonga puani."

"Na babu wa baba yako alikuwa na urefu gani?"

Akacheka. "Sisi wote warefu, Arlys. Yule mzee alikuwa futi sita na inchi nne. Alikuwa anainama kwenye milango."

"Basi alilipia kiwanda pesa za ziada wamkatie kitako kifupi kama cha mtoto, ili ajigonge pua?"

Sherifu akaacha kuchezea funguo zake. Nikamwomba Wade anionyeshe picha ya mwanzilishi, ile ya sebuleni, aliyokuwa nayo kwenye simu. Nikaikuza kwa vidole viwili, nikampa sherifu. Bunduki iliyokuwa magotini mwa yule mzee mrefu ilikuwa na mtutu wa mviringo na bomba lililofika mwisho. Ya kawaida kabisa, ya boksini. Wade alikuwa amepita chini ya picha ile tangu utoto wake na hajawahi kuitazama. Nikawasomea barua ya kiwanda. Nikawaonyesha zile namba tatu zinazofanana, kisha ile skrubu. Nikaeleza habari ya gumba. Nilisema yote bila kupaza sauti.

Wade hakuwa mpumbavu. Aliona pamekwisha. Akaisukuma bunduki juu ya meza kuelekea kwa Delmar.

"Haya, mzee, chukua. Ni kutoelewana tu. Na umesafishiwa bure."

Delmar hakuigusa. "Ulilisema kwa Bonnie," akasema. "Kalirudishe kwa Bonnie."

"Nirudishe nini?"

"Lile neno."

"Bunduki si nimekupa? Unataka nini tena, nipige magoti?"

"Nataka useme mbele ya wale wale."

Wade akamtazama sherifu, sherifu akatazama buti zake. Wade akasema ana wageni wanaofika saa tisa, akatoka. Mpaka leo hajasema neno. Anakuja mjini, anasalimia watu, anasalimiwa. Mimi nikimwona navuka barabara, kwa sababu nikibaki upande wake nitafanya jambo ambalo sherifu atalichunguza upesi kuliko alivyochunguza lile.

Nikamwambia Delmar kwamba walau mimi nitasema. Akaitikia kwa kichwa, akaichukua bunduki ya babu yake, akapitisha kidole pale mbele ya mtambo palipokuwa na waa jeupe, akakuta panateleza. 

Jumamosi iliyofuata mgahawa wa Bonnie ulikuwa umejaa. Delmar alikuwa mezani kwake dirishani, peke yake, na mayai yake matatu. Nilisimama karibu na kaunta, nikawaambia wanyamaze. Nikasema bunduki ni ya Delmar, ilikuwa ya babu yake Nils, ushahidi uko dukani kwangu na anayetaka aje auone. Nikasema Wade aliposimama hapa alitumia maneno yangu, na maneno yangu yalikuwa ya uvivu, nilizungumzia bunduki ya mtu bila kuuliza mwenyewe ni nani. Nikasema Delmar si mwizi, na kwamba nilijua si mwizi hata siku ile nilipokaa kimya. Nikamwomba radhi kwa jina lake kamili.

Watu wakatazama sahani zao. Bonnie alikuwa ameshika birika la kahawa na hamimini. Mwishowe Merle Haugen, ambaye ndama wake ndio wa mwisho kila mwaka kwa sababu kila kitu chake ni cha mwisho, akakohoa akageuka kwenye kiti.

"Delmar, mimi napiga chapa Jumamosi ijayo. Njoo na kamba yako, bwana. Tumekukosa."

Na wengine wakafunguka, kana kwamba Merle alikuwa amefungua geti. Huyu akasema ndama wake walibururwa vibaya mwaka huu. Yule akasema alitaka kupiga simu lakini. Kaka yangu akasema mwakani Delmar awe wa kwanza kuingia zizini kwake. Walikuwa wanacheka kidogo, wamefarijika, mambo yamekwisha. Nami nikaanza kupumua.

Delmar akamaliza yai lake. Akajifuta mdomo, akakunja leso ya karatasi mara mbili, akaiweka chini ya sahani pamoja na pesa ya Bonnie. Akasimama. Hata akisimama hakuwa mrefu sana kuliko sisi tuliokaa.

"Yule Wade," akasema, "amenijua miezi sita."

Akavaa kofia yake.

"Nyie mmenijua miaka thelathini na minane."

Jumamosi ile kwa Merle tulipiga chapa ndama mia na sitini. Hakuja, na hakuna aliyeuliza kwa nini.